Machozi Yanayosikiliza: Tafakari juu ya Muziki wa Ennio Morricone katika Filamu Tatu

Utangulizi

Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, Augustino wa Hippo anakiri jambo ambalo wengi wetu tuliowahi kuongoza ibada tunalijua lakini aghalabu hatulisemi. Anaeleza kwamba mara nyingine, zaburi zilipoimbwa kanisani, uimbaji ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na hapo alijiona kuwa amekosa, hata akatamani asingalimsikia mwimbaji. Hata hivyo hakuthubutu kuufukuza wimbo katika nyumba ya Mungu, kwa maana alikumbuka machozi aliyoyatoa siku za mwanzo wa imani yake. Mapema zaidi, katika kitabu cha tatu, alikuwa ameuliza swali lililo gumu kuliko hilo: kwa nini mtu huenda katika jumba la michezo ili alie kwa mateso ya watu wa kubuni, mateso ambayo yeye mwenyewe asingependa yampate? Na huruma hiyo ni huruma gani, ikiwa mtazamaji haitwi asaidie bali aitwa ahuzunike tu?

Swali hilo halijazeeka. Limehama kutoka jumba la michezo la Kirumi hadi katika sinema, na kutoka sinema hadi sebuleni mwetu. Wala hakuna mtu wa karne ya ishirini aliyewaliza watazamaji kwa muziki kama alivyofanya Mwitalia Ennio Morricone. Makala hii haikusudii kuzitaja kazi zake zote. Nimechagua filamu tatu ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zenye muziki wake unaogusa moyo kuliko nyingine: ya kwanza ni ya mwaka 1968, ya pili ni ya mwaka 1988, na ya tatu, ambayo nitakaa nayo kwa muda mrefu zaidi, ni ya mwaka 1986. Juu ya kila moja nitauliza swali moja tu: je, machozi haya yanatufanya tumsikilize anayeteswa, au yanatutosheleza sisi tunaolia?

Mtunzi na Kazi Yake

Morricone alizaliwa mjini Roma tarehe 10 Novemba 1928, naye alifariki katika mji huo huo tarehe 6 Julai 2020. Baba yake, Mario, alikuwa mpiga tarumbeta, na mwana alianza kwa kufuata nyayo za baba kabla ya kusomea utunzi chini ya Goffredo Petrassi katika chuo cha muziki cha Santa Cecilia. Katika maisha yake alitunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400. Marekani ilichelewa kumtuza: Oscar ya heshima alipewa mwaka 2007, na ile ya kushindaniwa aliipata mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 87.

Mambo mawili juu ya utendaji wake yatatusaidia hapa. La kwanza ni kwamba aliandika mwenyewe sehemu ya kila chombo katika okestra. Watunzi wengi wa sinema huandika tuni, kisha huwaachia wasaidizi kazi ya kugawa sauti. Morricone hakufanya hivyo. Kwake yeye, chombo kinachoimba tuni si nguo ya kuivalisha tuni hiyo, bali ni sehemu ya maana yake. La pili ni kwamba hakudharau sauti yoyote. Katika filamu alizofanya na mwongozaji Sergio Leone, aliyewahi kuwa mwenzake katika darasa la shule ya msingi mjini Roma, alitumia mluzi, kengele, mlio wa mjeledi, na hata sauti ya mwanadamu iimbayo pasipo neno lolote. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuuelewa muziki wake hana budi kuuliza si tu kwamba tuni ni nzuri kiasi gani, bali pia ni nani anayeipiga, kwa chombo gani, na kwa nini.

Kinanda cha Mdomo

Filamu ya kwanza ni C'era una volta il West, ambayo jina lake twaweza kulitafsiri “Hapo Kale Huko Magharibi”. Leone aliitoa mwaka 1968. Sehemu kubwa ya muziki wake ilitungwa kabla ya picha kupigwa, ikachezwa mahali pa kupigia picha ili waigizaji waufuate mwendo wake. Huu ulikuwa utaratibu wa kinyume, kwa maana desturi ya sinema ni muziki kuja mwisho, kama rangi juu ya ukuta uliokwisha kujengwa. Hapa muziki ulikuwa msingi.

Tazama jinsi Jill, mwanamke aliyetoka New Orleans kumfuata mume aliyefunga naye ndoa karibuni, anavyoshuka katika garimoshi. Hakuna aliyekuja kumpokea. Anangoja huku wasafiri wengine wakitawanyika na kwenda zao. Sisi tunajua asilolijua: mume na watoto watatu wa mume huyo wamekwisha kuuawa. Jill anaingia ofisini mwa stesheni kuuliza njia, nasi tunamwangalia kupitia dirishani. Kisha kamera inainuka juu ya paa, na mji mzima unafunguka mbele yake ukiwa umejaa watu na magari ya farasi. Wakati huo huo sauti ya mwanamke, Edda Dell'Orso, inapanda juu ya okestra pasipo maneno. Kama mtunzi angalitia maneno pale, angalituambia tufikiri nini. Hakutia. Sauti ile inajua habari ya msiba na inajua pia habari ya mji unaozaliwa, wala hailazimishi moja ya hizo iinyamazishe nyingine. Ndiyo maana huzuni yake haituchoshi.

Lakini moyo wa filamu hii uko katika chombo kidogo kuliko vyote, yaani kinanda cha mdomo. Mtu mmoja asiye na jina anamwinda muuaji aitwaye Frank. Kila aulizwapo yeye ni nani, hujibu kwa kutaja majina ya watu waliouawa na Frank. Mara nyingi hasemi kitu, bali hupuliza kinanda chake, noti chache zenye ukali, zinazoumiza sikio. Watazamaji kwa muda mrefu hudhani kwamba hiyo ni tabia tu ya mtu wa ajabu. Mwishoni ndipo tunapojulishwa asili yake. Zamani Frank alimtia kaka yake kitanzi shingoni, akamsimamisha juu ya mabega ya mdogo wake, kisha akakisukuma kinanda kinywani mwa mtoto huyo, akimdhihaki kwamba ampigie kaka yake. Mtoto alipoishiwa nguvu akaanguka, kaka alikufa. Kumbe zile noti hazikuwa wimbo. Zilikuwa pumzi ya mtoto aliyelemewa.

Hapa Morricone anafanya jambo lisilo la kawaida kwa mtunzi wa sinema. Anatunyima tuni nzuri mahali pale ambapo tungalitaka kulia kwa raha. Mlio ule wa kinanda haututulizi; unatushitaki, kama damu iliayo kutoka katika ardhi. Na Frank anapokufa, kinanda kinatiwa kinywani mwake mwenyewe, naye anakumbuka. Kwa Mkristo, mwisho huo una upungufu ulio wazi, kwani ni haki pasipo msamaha. Lakini tusiharakishe kuuhukumu. Wako wengi wanaohubiri msamaha kwa haraka kiasi kwamba kosa lenyewe halipati nafasi ya kutajwa. Filamu hii haina Injili, lakini haimruhusu aliyetenda uovu asahau.

Kengele ya Padre

Filamu ya pili ni Nuovo Cinema Paradiso ya Giuseppe Tornatore, iliyotoka mwaka 1988, ikapata tuzo ya pekee ya majaji huko Cannes mwaka 1989 na Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 1990. Mahali pake ni mji mdogo wa Sisilia baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtoto Salvatore, aitwaye Toto kwa kifupi, aliyempoteza baba vitani, anampenda Alfredo, mzee anayeendesha mashine ya sinema. Kabla ya kila filamu kuonyeshwa kwa watu, padre wa mji huikagua akiwa peke yake ukumbini, ameshika kengele ndogo. Kila wahusika wabusianapo, padre hupiga kengele, na Alfredo hutia kipande cha karatasi katika mkanda ili aje kupakata. Hivyo watu wa mji ule huishi miaka mingi pasipo kuona busu hata moja katika sinema, nao hupiga kelele za kulalamika kila picha inaporuka.

Sisi tulio watumishi wa Kanisa tutacheka tunapomwona padre yule, na ni vema tucheke, mradi tujue kwamba tunajicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani kwamba kulilinda kundi ni kukata. Na aliyekata hakumwonea chuki. Alitii, kisha akavihifadhi vipande.

Miaka inapita. Moto unazuka katika chumba cha mashine na Alfredo anapofuka. Toto anakua, anapenda, anampoteza ampendaye, na Alfredo mwenyewe ndiye anayemwamuru aondoke asirudi tena. Baada ya miaka 30 Salvatore, sasa mwongozaji wa filamu mashuhuri mjini Roma, anaitwa mazishini kwa Alfredo. Anakuta jumba la sinema linabomolewa ili papatikane mahali pa kuegesha magari. Mjane anamkabidhi urithi, nao ni mkanda mmoja usio na jina. Anarudi Roma, anaketi peke yake ukumbini, mashine inawashwa. Na kumbe Alfredo ameviunga pamoja vipande vyote vilivyokatwa. Busu baada ya busu hupita mbele ya macho yake, na mtu mzima yule analia huku akicheka.

Tuni inayopigwa wakati huo huwaliza watu kila mahali. Haki inadai tuseme kwamba tuni hiyo ya mapenzi haikutungwa na Ennio bali na mwanawe Andrea; baba aliipokea, akaiwekea okestra yake, akaiingiza katika jengo la muziki wake. Katika filamu ihusuyo mtoto anayepokea urithi kutoka kwa mtu aliyekuwa kama baba, jambo hilo lina uzuri wake. Nyuzi zinaianza pole pole, nayo inapanda kidogo, inashuka, inapanda tena zaidi, kama mtu anayejaribu kusema jambo alilolinyamazia miaka mingi.

Je, haya ni machozi ya kujitosheleza? Wako wahakiki wanaosema kwamba filamu hii ina sukari nyingi, na mahali pengine wanasema kweli. Katikati ya filamu muziki unarudi mara nyingi mno, hata mahali ambapo nyuso za waigizaji zingetosha. Lakini mwisho wake hauwezi kulaumiwa hivyo, kwa sababu machozi ya Salvatore yana chanzo chake nje ya Salvatore. Analia kwa kuwa ametambua kazi ya mikono ya mwingine: mzee aliyekuwa kipofu, asiyeweza tena kuona hata picha moja, aliyemtunzia kile alichonyimwa. Ni kilio cha mtu aliyepewa zawadi asiyoistahili. Kwa lugha yetu tungeweza kukiita kilio cha shukrani, nacho ni nadra katika sinema kuliko kilio cha msiba.

Zumari Msituni

Sasa tuje kwenye The Mission, iliyoongozwa na Roland Joffé kutokana na mchezo ulioandikwa na Robert Bolt, ikapata Palme d'Or huko Cannes mwaka 1986. Habari yake ni ya Wajesuiti na watu wa Kiguarani katika Amerika ya Kusini, baada ya Mkataba wa Madrid wa mwaka 1750, ambao kwa huo Hispania iliikabidhi Ureno nchi iliyo mashariki ya mto Uruguay pamoja na miji saba ya misheni. Morricone alieleza mara kwa mara kwamba alipoonyeshwa filamu bado haina muziki, alilia, akasema kwamba yeye ataiharibu tu, na kwamba ni afadhali iachwe vile ilivyo. Baadaye alikubali. Kwangu mimi, alama za kusita kule bado zasikika katika muziki wenyewe.

Padre Gabriel anapanda kando ya maporomoko makubwa ya maji, penye watu waliomwua padre aliyemtangulia kwa kumfunga msalabani na kumwachia mtoni. Anaketi juu ya jiwe, anatoa oboe yake, yaani zumari la Kizungu, anaanza kupiga. Hana silaha wala mkalimani. Tuni ni ya noti ndefu, na kati yake mna mapambo madogo ya noti za haraka kwa namna ya muziki wa karne ya 18. Ni tuni ya mtu anayevuta pumzi ili asiogope. Waguarani wanamzunguka na mishale yao. Mmoja wao anamnyang'anya zumari, analivunja. Mwingine analiokota vipande, anajaribu kuliunga, kisha anamshika padre mkono na kumwongoza kijijini.

Tuni hiyo ni mojawapo ya nyuzi tatu ambazo Morricone alizifuma. Ya pili ni ya kwaya ya kikanisa, kwa namna ya Palestrina na uimbaji wa Kanisa la Roma baada ya Mtaguso wa Trento, ambako kila sauti huingia kwa zamu na maneno husikika wazi. Ya tatu ni ya ngoma na sauti zenye mdundo wa nguvu, iliyokusudiwa kuwa sauti ya Waguarani. Kwanza nyuzi hizi hukutana mbili mbili. Na katika kipande chenye jina litokalo katika Sala ya Bwana, lile la hapa duniani kama huko mbinguni, zote tatu huimba kwa wakati mmoja. Mtu anayeongoza kwaya atatambua ugumu wa jambo hili. Zumari lina mwendo wake, kwaya ina wake, na ngoma ina wake, wala hakuna uliopunguzwa ili mwingine upite. Kila uzi ungeweza kusimama peke yake, lakini pamoja zinafanya kitu kilichozidi jumla yake. Naamini kwamba hii ndiyo kazi bora kuliko zote alizoandika kwa ajili ya sinema. Ni picha ya sauti ya Kanisa ambalo mataifa wanaingia wakiwa na ngoma zao mikononi. Filamu inaonyesha Kanisa hilo likichomwa moto, lakini muziki unaendelea kuliimba kana kwamba lipo.

Mtoto Aliyeimba mbele ya Kardinali

Hapo ndipo pia ugumu unapoanza, nami sitaki tuupite kimya kimya.

Katika sehemu moja ya filamu, Kardinali Altamirano, aliyetumwa kuamua kama misheni zitabaki au zitafungwa, anaketi kusikiliza pande zote. Padre Gabriel anamleta mtoto wa Kiguarani, naye anaimba kwa sauti safi mno. Gavana wa Kihispania anasema kwamba huyo ni mnyama mwenye sauti ya mtu, na kwamba hata kasuku aweza kufundishwa kuimba. Gabriel anamjibu kwa kuuliza ni jinsi gani kasuku angefundishwa kuimba vizuri namna hii.

Mara ya kwanza tukisikia jibu hilo twafurahi. Mara ya pili hatuna budi kutetemeka. Kwa maana padre, pasipo kukusudia, amekubali masharti ya mshitaki wake: kwamba utu wa mtoto ni jambo la kuthibitishwa, na kwamba uthibitisho wake ni uzuri wa sauti yake. Je, mtoto asiyeweza kuimba angekuwa nani mbele ya baraza lile? Tunafundisha kwamba mwanadamu ana heshima kwa kuwa Mungu amemwumba na kumwita, wala si kwa kipaji chake. Lakini pale tunalia kwa sababu mtoto ameimba vizuri, na katika kulia kwetu tunasimama karibu na gavana kuliko tunavyodhani.

Tena, tuutazame kwa makini ule uzi wa tatu, sauti ya Waguarani. Mdundo wake ni wa Morricone, Mrumi. Na maneno yanayoimbwa na kwaya yake ni ya Kilatini. Waigizaji wenyewe hawakuwa Waguarani bali Wawaunana wa Kolombia. Katika filamu nzima tunasikia kidogo sana kutoka kwa wenye nchi, na mwenye mamlaka kati yao anaposimama kumhoji Kardinali, maneno yake yanatufikia kwa kinywa cha padre anayetafsiri. Wameachiwa waimbe, kunena wananenewa.

Historia yasema vingine. Mwaka 1753 viongozi wa Kiguarani wa misheni walimwandikia barua gavana wa Buenos Aires kwa lugha yao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Nicolás Ñeenguirú wa Concepción. Walieleza kwamba nchi ile walipewa na Mungu, na kwamba makanisa na mashamba yalijengwa kwa kazi ya mikono yao, si kwa ajili ya Wareno. Hawa hawakuwa watu wasio na maneno. Walijenga hoja, wakaiandika, wakaituma kwa mwenye mamlaka. Hawakusikilizwa, na tarehe 10 Februari 1756, huko Caiboaté, Waguarani wapatao 1,500 waliuawa na majeshi ya Hispania na Ureno. Kadhalika, muziki wa misheni haukuwa wa kubuni. Mjesuiti Anton Sepp alifundisha uimbaji na utengenezaji wa vyombo huko Yapeyú, na mafundi wa Kiguarani walivitengeneza kwa mikono yao. Mwaka 1972, makanisa ya zamani ya Chiquitos nchini Bolivia yalipokuwa yakitengenezwa, zilipatikana kurasa kwa maelfu za muziki ulioandikwa kwa mkono, zikiwamo kazi za Domenico Zipoli, mtunzi wa Kiitalia aliyejiunga na Wajesuiti. Wenyeji walikuwa wamezitunza zaidi ya miaka 200, muda mrefu baada ya mapadre kufukuzwa.

Kwa hiyo lawama yangu kwa filamu hii si kwamba imeongeza chumvi. Ni kwamba imewapa Waguarani muziki mahali pa hoja zao. Na kwa kuwa muziki huo ni mzuri kupita kiasi, hatuoni upungufu. Tunadhani tumewasikia kumbe tumesikia tu huzuni yetu juu yao. Hili ndilo swali la Augustino likiwa limevaa vazi jipya. Tumehuzunika, lakini hatukuitwa tusikilize.

Je, lawama hiyo impate mtunzi pia? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba muziki wake una uadilifu ambao hadithi inaukosa mara nyingine. Katika hadithi, mapadre wako mbele na watu wako nyuma yao. Katika kile kipande cha nyuzi tatu sivyo ilivyo: zumari la padre haliongozi daima, mara nyingine linamezwa na ngoma, na kwaya ya Roma inalazimika kupatana na mdundo usio wake. Morricone hakuwa na maneno ya Waguarani, lakini aliwapa nafasi iliyo sawa. Mwishoni, misheni ikiwa majivu, Altamirano anakiri kwamba ulimwengu haukuwa hivyo wenyewe, bali yeye ndiye aliyeufanya kuwa hivyo; na watoto waliosalia wanapanda mtumbwi kuelekea juu ya mto, mmoja wao akiwa ameokota majini fidla iliyovunjika. Mtoto yule anachukua chombo ili akapige tuni gani? Filamu haisemi, na kwa kutosema imefanya vema. Tuni hiyo itakuwa yake.

Wasomaji wa kurasa hizi wanalifahamu jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 1968 kitabu cha Tumshangilie Mungu, alichokikusanya Howard Olson huko Makumira, kilitoa nyimbo za Kikristo katika tuni za Kiafrika. Kazi hiyo ilikuwa na maana si kwa kuwa tuni zetu ni tamu kuliko za Ulaya, bali kwa kuwa mwimbaji aliruhusiwa kumjibu Mungu kwa sauti aliyokuwa nayo tayari.

Hitimisho

Tumeona namna tatu za machozi. Kinanda cha mdomo kinatunyima faraja hadi kosa litajwe. Mkanda wa Alfredo unatuliza kwa shukrani, kwa sababu kilichokatwa na kengele kilitunzwa na rafiki. Zumari la Gabriel linatuinua kuliko vyote viwili, na kwa sababu hiyo hiyo lina hatari kuliko vyote viwili. Nikiulizwa ni muziki gani wa Morricone unaogusa moyo zaidi, nitajibu pasipo kusita kuwa ni huo wa mwaka 1986. Nikiulizwa ni upi ulio mkweli zaidi, nitataja zile noti chache kali za mwaka 1968, ambazo hakuna atakayetaka zipigwe arusini mwake.

Mwaka 2015, katika Kanisa la Gesù mjini Roma, ilipigwa kwa mara ya kwanza Misa ambayo Morricone aliitunga kwa ajili ya ukumbusho wa miaka 200 tangu Shirika la Wajesuiti liliporudishwa mwaka 1814. Mzee wa miaka 86 alirudi kwa watu wale wale ambao alikuwa amewalilia karibu miaka 30 kabla ya hapo. Yaonekana hata yeye hakuona kwamba filamu ile ilikuwa imemaliza jambo.

Nasi tulio wachungaji, na ninyi mnaojiandaa kuwa wachungaji, tunaishi karibu na machozi. Tunasimama makaburini kwaya ikiimba sauti nne, na tunaona watu wakilia, nasi twarudi nyumbani tukisema ibada ilikuwa nzuri. Yamkini ilikuwa nzuri. Lakini kabla hatujaridhika na machozi hayo, tuulize kama mjane alipata nafasi ya kusema neno, na kama yupo aliyemsikiliza alipolisema.